Anatafutwa Mke wa Mzee Fundi

Ratiba ya siku hiyo iliandikwa na mkwe wa mzee fundi. Mkwe ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akienda matembezini haendi hivi hivi. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: saa mbili na nusu makumbusho, saa tano nyumba ya samaki, saa sita na robo chakula, saa saba mnara. Hata muda wa kwenda msalani aliupangia. Mkewe alimcheka tangu walipotoka hotelini, mtoto akacheka kwa kuwa mama yake anacheka, na mzee fundi naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa cha juu juu. Alikuwa na hofu tangu alipoamka.

Tuseme wazi hofu yenyewe ilikuwa ya nini, maana yeye hakuwahi kumwambia mtu. Mzee fundi alikuwa anapoteza majina. Vitu alivijua vyote. Alishona nguo miaka arobaini na tatu, na mpaka leo ukimpitisha mtu mbele yake atakutajia bega, kiuno na urefu wa mkono bila kumgusa. Majina ya watu ndiyo yaliyokuwa yakimtoka, moja moja, bila kuaga. La jirani lilikwenda kwanza, akaanza kumwita jirani. La mwenye duka likafuata, akawa bosi. La mkwe likaondoka, akawa mwalimu, na mkwe mwenyewe akafurahi, akadhani ameongezewa heshima. Mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka mitano asiyekaa kitako hata dakika moja, akawa mke wangu. Mke wangu njoo. Mke wangu umekula? Mke wangu, leo umeninunia? Nani angeshtuka? Babu na mjukuu wanataniana hivyo siku zote. Mtoto alimjibu mume wangu, mikono kiunoni, na watu wakavunjika mbavu.

Utani ule ulikuwa kiraka tu, na mzee fundi peke yake ndiye aliyejua ukubwa wa tundu lililokuwa chini yake. Bintiye ni nesi. Kazi yake ya kila siku ni wazee wa namna hiyo. Siku atakayojua, hatamwachia mtoto tena, wala hatafanya hivyo kwa ubaya. Na mzee yule, tangu afiwe na mkewe wa ndoa na cherehani yake apewe mwingine, hakuwa na furaha nyingine isipokuwa zile saa za jioni anazoachiwa mtoto. Ndiyo maana safari hii ilimtisha. Mji mgeni, watu tele, na yeyote kati yao anaweza kumwuliza: mzee, mjukuu wako anaitwa nani?

Kule makumbusho almanusura apate msaada. Dada mwenye kuwaongoza wageni aliinama akamwuliza mtoto, "Mrembo, jina lako nani?" Mzee akasogeza sikio lake zima, lile la kulia, na wakati huo huo mgeni mmoja nyuma yake akapiga chafya ya kuamsha wafu. Jina likapita. Kwenye nyumba ya samaki ilikuwa afadhali, maana bintiye alimwita mtoto mara mbili atoke kwenye kioo cha papa, na mzee akalidaka jina lile, akalishika, akawa analirudia kimoyomoyo huku akitembea. Alilirudia mpaka mezani. Hapo mkwe akamwuliza, "Baba, utakula samaki au kuku?" Akajibu kuku. Alipolirudia jina, halikuwepo. Kuku alimshinda, akamsukumia mtoto.

Saa saba kamili, kama ilivyoandikwa, wakafika mnarani.

Mnara ule ni wa ghorofa hamsini na mbili, na juu kabisa pana kibaraza ambapo watu husimama kutazama mji wote. Wakapanga foleni ndefu. Walipokaribia lifti wakakuta bango: watoto wa chini ya miaka sita hawapandi. Mizigo na simu zinaachwa kwenye makabati. Mkwe akaitazama karatasi yake, na karatasi haikuwa na la kusema.

"Nendeni ninyi," mzee akasema. "Mimi na mke wangu tutabaki hapa chini. Hata hivyo kizunguzungu kinanisumbua."

Bintiye alimtazama baba yake, kisha mtoto, kisha watu waliojaa ukumbini. "Baba, tutakawia kama dakika arobaini. Utaweza?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Sijasema hivyo."

"Basi nendeni, mama. Mimi nilikulea wewe, na ulikuwa mtundu kuliko huyu mara tatu."

Binti akacheka, akamfunga mtoto kamba za viatu upya ingawa zilikuwa zimefungwa vizuri. "Usimwachie mkono," akasema, na haikueleweka alikuwa anamwambia nani. Lifti ikawafungia.

Ukumbi wa chini ulikuwa mkubwa, sakafu ya marumaru, na katikati walikuwa wameweka mfano wa mji mzima chini ya kioo, majumba madogo na magari ya kidole kimoja. Mtoto aliuzunguka mara nne akitafuta hoteli yao. Kulikuwa na watoto wengine wengi, kundi la chekechea waliovaa fulana za njano, walimu wao wawili wakipaza sauti kama wauza magazeti. Mzee alimshika mjukuu wake mkono barabara. Mkono wake ulikuwa na jasho, lakini alikuwa anaweza. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Akaanza kupumua.

Kilichomponza ni pazia. Ukuta mmoja ulifunikwa na pazia zito, refu kutoka darini mpaka chini, na pazia lile lilishonwa na mtu mvivu. Mshono wa pindo ulikuwa mrefu mno. Kitambaa kizito kama kile kinataka mshono mfupi na uzi mara mbili, kila fundi anajua, na hapa upande mmoja ulishaanza kufumuka na kuburuta sakafuni. Mzee hakuweza kupita hivi hivi. Aliinama, akalishika pindo kwa mikono miwili, maana pindo halikaguliwi kwa mkono mmoja.

"Hebu ona, mke wangu," akasema. "Ona walivyoliharibu."

Hakujibiwa. Akageuka. Palikuwa na marumaru tupu.

Alitazama nyuma ya pazia. Akatazama kwenye kioo cha mji mdogo, akauzunguka upande huu na upande ule. Wale wa fulana za njano hawakuwepo tena, na ukumbi ulikuwa umejaa miguu ya watu wazima, suruali na sketi, hakuna kichwa kidogo kati yake. Akavuta pumzi amwite kwa nguvu zake zote, akafungua mdomo, na hakukuwa na kitu cha kuita.

Alisimama na mdomo wazi. Hajawahi kuogopa hivyo maishani mwake, hata siku ile daktari alipotoka nje kumwambia habari za mkewe. Mtoto amepotea katika mji wa mamilioni ya watu, na babu yake hana hata neno la kumtupia.

"Mke wangu!" akaita. Sauti ikamtoka nyembamba. "Mke wangu we! Mke wangu!"

Watu wakageuka. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akamgusa bega. "Tulia, baba. Atakuwa msalani. Sisi wanawake tunakawia."

"Una bahati, mzee," mumewe akadakia. "Wa kwangu hapotei hata nikiomba."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mzee fundi akawapita bila kuwaona, akaenda mbio za goti bovu mpaka meza ya maelezo. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mnene, miwani juu ya paji la uso, kipaza sauti mbele yake.

"Nimempoteza mke wangu."

"Pole sana, mzee wangu. Hapa hapotei mtu. Amevaa nini?"

Kwa swali hilo mzee alikuwa kwake. "Gauni la njano, la pamba, njano ya kiini cha yai. Kola nyeupe ya duara. Mikono ya puto. Marinda kuanzia kiunoni, mifuko miwili ya kubandika. Vifungo vinne mgongoni, cha tatu si sare na wenzake, kilipotea nikaweka cha kuazima. Nimelishona mwenyewe."

"Huyo mama anapendwa," bwana wa maelezo akasema huku anaandika. "Anaitwa nani?"

Mzee akaikodolea macho kalamu yake.

"Jina lake, mzee?"

"Wewe tangaza tu. Sema anatafutwa na mumewe, mzee fundi. Akisikia hivyo atajua."

Na ni kweli kwamba mtoto angejua. Lakini walinzi je? Bwana wa maelezo akashusha miwani, akabonyeza kitufe, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Tahadhari tafadhali. Anatafutwa mama mmoja, mke wa mzee fundi. Amevaa gauni la njano lenye kola nyeupe. Mama, ukisikia tangazo hili, fika meza ya maelezo, mumeo anakusubiri. Walinzi wa milangoni, mkimwona mama huyo, msaidieni."

Mama mmoja. Mzee alilisikia neno lile na akaelewa kosa lilipo. Walinzi wote wa jengo lile sasa walikuwa wanamtafuta bibi kizee. Ilitosha kusema, bwana, si mama, ni mtoto. Maneno matano. Lakini alijua swali litakalofuata maneno hayo: mtoto wako anaitwa nani? Na baada ya swali, macho ya watu. Na baada ya macho, bintiye akishuka na kuambiwa.

Simtetei. Alisimama pale pale, mikono juu ya meza, akawa anapekua kichwa chake. Alianza na herufi a, akaenda ba, akaenda cha, akijaribu kila sauti mdomoni kama zamani alivyokuwa akijaribu ufunguo mmoja mmoja kwenye kufuli la duka. Akafika ma, akahisi kitu kimejongea, kikarudi. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha bwana wa maelezo, na kwa saa hiyo zilipita dakika saba. Dakika saba ni nyingi sana kwa mtoto anayejua kutembea. Mzee alizihesabu zote na bado mdomo haukufunguka, na mpaka leo hakuna anayemlaumu kwa dakika hizo kuliko yeye mwenyewe.

Ya nane, akapita mlinzi wa mlango wa nyuma kwenda kujaza chupa yake ya maji. "Huyo mama bado?" akauliza. "Kwangu hajapita. Gauni la njano nimeliona moja tu, la katoto kamoja. Kametoka na wale wa chekechea."

"Kola nyeupe?" mzee akauliza.

"Nyeupe, ndiyo."

"Wamekwenda wapi?"

"Kwenye mabasi yao. Si wanaondoka?"

Mzee akashika ukingo wa meza. Aibu ilikuwa bado ipo, nzima, haijapungua hata kidogo, ila sasa alikuwa amemwona mtoto akilini, kwenye kiti cha basi, basi likikata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Si mke!" akasema, na sauti yake iliyogoma muda wote ikatoka yote kwa pamoja. "Ni mtoto! Ni mjukuu wangu, ana miaka mitano, yumo kwenye mabasi yale. Yazuieni!"

Bwana wa maelezo akainuka nusu. "Sasa mbona ulisema mke?"

"Namwita hivyo!"

"Anaitwa nani hasa, niwaambie getini wamwite kwa jina?"

"Sina."

"Huna nini?"

"Sina jina lake! Limenitoka. Kichwa changu kibovu, bwana, kimeharibika, sikumbuki jina la mjukuu wangu, nimekudanganya kwa aibu. Niadhibu baadaye. Zuia basi!"

Mama mwenye mkoba mkubwa aliweka mkono mdomoni. Bwana wa maelezo hakucheka wala hakuuliza tena. Alinyakua simu ya upepo. "Getini! Funga! Basi lolote lisitoke, narudia, lolote. Kuna mtoto wa gauni la njano, jina babu yake halikumbuki."

Mzee alishafika mlangoni. Nje jua lilimpiga machoni. Uwanja wa mabasi ulikuwa mpana na wenye moshi, na mabasi mawili yalikuwa yamesimama puani pa geti lililofungwa, dereva wa mbele akipiga honi kwa hasira. Nyuma ya geti barabara ilikuwa na njia sita, magari yakipita bila kukoma. Mzee aliitazama barabara ile na akajua kabisa kwamba kama basi lingetoka, yeye angelikimbilia humo humo kati ya magari. Alitembea kwa kuchechemea, mkono kifuani, akisema neno moja tu, tafadhali, tafadhali, na hakujua anamwambia nani.

Mlango wa basi la pili ukafunguka. Akashuka askari mwanamke, mrefu, kofia imemkaa sawasawa, na mkononi mwake kitu cha njano.

"Mume wangu!" mtoto akapaza sauti. "Basi lina televisheni!"

Mzee akapiga magoti pale pale kwenye lami. Alifungua mikono, lakini mtoto hakufika. Askari alimrudisha nyuma kwa upole.

"Subiri kwanza," akasema. "Mtoto, huyu nani?"

"Mume wangu."

Uso wa askari ukakaza.

"Ni utani," mzee akasema akiwa bado chini. "Mimi babu yake. Ni utani wa babu na mjukuu."

"Utani huo naujua, mzee. Hata mimi babu yangu aliniita hivyo." Askari akatoa daftari dogo mfukoni. "Lakini jina langu alikuwa analijua. Nimesikia kwenye simu ya upepo kwamba wewe la huyu hulijui."

Wakaingizwa kwenye chumba kidogo cha walinzi, chenye meza moja, feni moja na kalenda ya mwaka uliopita. Mtoto akapewa kiti upande wa askari, mzee upande wa pili. Daftari likawekwa mezani limefunguliwa, na juu ya ukurasa askari akaweka kiganja.

"Mtoto ameniambia jina lake, nimeliandika hapa. Litaje, umchukue mjukuu wako."

Mzee alikitazama kile kiganja. Kati ya vidole palionekana wino kidogo, mkia wa herufi. Jina la mjukuu wake lilikuwa pale, shubiri moja kutoka kwake, limelala chini ya mkono wa mtu ambaye hamjui.

"Babu, si mimi naitwa..." mtoto akaanza.

"Shh. Wewe usimwambie," askari akasema. "Ajibu mwenyewe."

Mtoto akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakang'aa. Alidhani ni mchezo.

"Sikulaumu," mzee akamwambia askari. "Ningekuwa wewe nisingenipa. Lakini usimpe mtu mwingine pia. Mama yake yuko juu, atashuka sasa hivi. Usimtoe humu mpaka mama yake afike."

Askari hakukiondoa kiganja.

Binti na mkwe waliposhuka, kelele za ukumbi zilikuwa zimeshawafikia kabla ya wao kufika chumbani. Mzee alisikia viatu vya bintiye vikikimbia kwenye marumaru, kisha sauti yake ikiita jina. Lilikuwa jina fupi, zuri, wala si gumu. Likamwingia masikioni, likashuka mpaka kifuani.

"Ndilo!" akasema. "Ndilo hilo hilo!"

Binti alishamkumbatia mtoto, akampapasa kichwa, mikono, magoti, kinesi, akitafuta palipoumia. Mkwe alikuwa mlangoni amekauka, karatasi ya ratiba imesokotwa mkononi.

"Wewe ndiye mama?" askari akauliza, akalinganisha jina na daftari lake. "Sawa. Na huyu mzee?"

"Baba yangu."

"Baba yako amekaa hapa karibu robo saa, ameshindwa kutaja jina la mjukuu wake. Na huko nje, wanasema, amekiri kwamba halikumbuki."

Binti akageuza kichwa. Mzee aliyajua macho ya mtoto wake kwa kila hali, ya homa, ya hasira, ya harusi. Haya hakuwahi kuyaona, kwa sababu binti alikuwa anawatazama nayo baba za watu wengine, kule wodini. Yalimkagua taratibu, yakajumlisha mambo ya mwaka mzima, jirani, bosi, mwalimu, mke wangu, yakapata jibu. Mzee akainamisha uso.

"Kwetu," binti akamwambia askari, na sauti yake haikutikisika, "babu hamtaji mjukuu wa kike kwa jina. Ni mwiko. Ukimbana atakwambia hata amesahau, lakini hatalitaja."

Mkwe, ambaye amekaa katika ukoo ule miaka minane na hajapata kuusikia mwiko huo, akafungua mdomo, akaufunga.

Askari alimtazama binti, akamtazama mzee. Hakuwa mjinga. "Mwiko mzito huo," akasema mwishowe. Akafunga daftari, akamsukumia binti kitabu cha kutia saini. "Mwangalie sana mzee wako, mama."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya mnara, penye kivuli cha ukuta. Mkwe akaenda kuchukua mizigo kwenye makabati, na alikwenda pole pole kwa makusudi. Mtoto akakaa katikati, akining'iniza miguu.

"Nisamehe," mzee akasema. "Nilimwachia mkono. Nilishika pazia."

"Tangu lini, baba?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu mwaka jana. Labda kabla."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichukulia mtoto."

Binti alitazama barabara ile ya njia sita. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Hakusema kwamba asingemchukulia. Mzee alisubiri aseme, akaona hasemi, na hofu aliyoamka nayo asubuhi ikakaa pale pale ilipokuwa, haina tena pa kujificha.

"Na langu?" binti akauliza kwa sauti ndogo. "Siku hizi zote unaniita mama. Langu bado unalo?"

"Lako!" Na jina likamtoka zima, la kwake na la ubini, lile alilolichagua mwenyewe kabla hajazaliwa. Lilikuwa sahihi. Binti akajifunika uso kwa viganja, mabega yakamcheza, na mzee akamwekea mkono mgongoni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Kwa muda mfupi akajisikia mzima kabisa.

"Zamu yangu!" mtoto akaruka kutoka kwenye benchi. Akasimama mbele ya babu yake, mikono kiunoni, gauni la njano limejaa vumbi la basi. "Sasa mimi. Mimi naitwa nani?"

Mzee akatabasamu. Alikuwa amelisikia si muda mrefu, kule chumbani, kwa sauti ya mama yake. Lilikuwa fupi. Lilikuwa zuri. Akafungua mdomo, akaukuta mdomo umebaki wazi.

"Usimwambie, mama!" mtoto akasema, akirukaruka. "Ajibu mwenyewe!"

Mzee akamgeukia bintiye. Alikuwa ameondoa viganja usoni, ameinua kidevu, na midomo yake ilishaanza kuliunda jina lile ili amsaidie. Kisha akaifunga. Naye alitaka kujua.